Kucheka kwa Zamu

Siku ya kuniaga mlininunulia keki, mkanikalisha mbele ya watu, mkasema, "Anti, hotuba." Nikasimama, nikasema asanteni, nikakaa. Mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba nimepunguza hotuba za watu kwenye kompyuta tangu ujana wangu, na najua mtu anavyojisahau akipewa maiki. Kwa hiyo nimeona niandike. Watakaosoma ni ninyi mnaobaki studioni Migori, na kwa kuwa mmoja wenu ni Mkuria wa Kehancha, hata pale watu walipoongea Kijaluo nitaandika kwa Kiswahili, asije akasema tumemsengenya.

Sitasema nilianza na mshahara gani, wala nilivyopandishwa cheo kuwa mkubwa wa chumba chenye watu watatu. Nitaandika kuhusu sauti inapoachana na picha. Hiyo ndiyo kazi iliyonilea, na kila mlipokwama hapo mlikuja kuniita nikiwa nimeshika chai.

Nilianzia Homa Bay, kwa fundi Okoth. Alikuwa fundi wa redio aliyehamia video bila kuacha redio, hivyo dukani kwake kulikuwa na vyombo vilivyofunguliwa matumbo mpaka mlangoni. Siku ya kwanza nilivaa sketi yangu nzuri nikidhani nitapewa kamera. Okoth akachukua kiti, akakigeuza kikaelekea ukuta, akaweka kanda ya harusi nzima na kuniambia nisikilize tu. Ilipoisha akanigeuza, akazima sauti, akairudisha kanda ile ile mwanzo ili nitazame tu. Nilipomuuliza kazi yenyewe iko wapi akasema, "Hiyo ndio kazi. Kesho utafanya tena." Jioni mama yangu aliniuliza nimejifunza nini, nikamwambia nimejifunza kwamba bwana harusi alikuwa na mafua.

Ilinichukua muda kuelewa. Okoth alitaka macho yangu na masikio yangu yafanye kazi kila moja peke yake, ndipo niweze kuona yanapokosana. Mtu asiyezoea akitazama sinema ambayo sauti imechelewa kidogo, hajui shida ni nini. Anajisikia vibaya tu, analaumu televisheni, anamlaumu mke wake kwa kuongea. Okoth alikuwa akisema, "Picha ikiwa mbaya mteja atavumilia. Sauti ikichelewa, anaona mtu wake amekuwa muongo." Maneno hayo nimeyarudia kwenu mpaka mkayachoka, na bado ni ya kweli.

Dawa yake ilikuwa moja: tafuta kitu kinachogonga kitu. Mkono ukipiga mkono, nyundo ikipiga msumari, mlango wa gari ukifungwa. Mahali hapo unaona na unasikia kwa pamoja. Ukiweka mlio juu ya mgongano, maneno mengine yote yatafuata yenyewe. Ndiyo maana kanda za ngoma kutoka Kehancha zilikuwa pumziko kwetu, kwa sababu wachezaji wa Kikuria wenye viatu vya mbao wanakanyaga ardhi kwa kishindo, hata kipofu angejua mguu umetua saa ngapi. Zilizotutesa ni kwaya za Wasabato. Mimi mwenyewe ni Msabato, nasema bila ubaya: hakuna ngoma, hakuna makofi, watu wamesimama wima wanaimba kwa adabu. Nilikuwa nasubiri mtu akohoe.

Halafu kulikuwa na mazishi, ambayo ndiyo yaliyojaza rafu zetu. Hapo kuna kosa ambalo sote tumelifanya, Okoth akiwemo. Spika zinafungwa karibu na jukwaa, na mpiga picha anapanda juu ya lori upande wa pili wa boma ili apate umati wote, kisha anamvuta msemaji kwa lenzi. Uso unaonekana uko hapo hapo, lakini sauti inasafiri kupita watu na migomba kabla ya kumfikia. Fundi akiona mdomo umetangulia anasema sauti imeharibika, anaisogeza sauti ya kanda nzima. Halafu mpiga picha anashuka kwenye lori kwenda kupiga picha jeneza, na sasa sauti inatangulia mdomo. Kabla hujatengeneza chochote, muulize mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Kama amekufa, angalia kivuli chake kwenye picha.

Okoth alipofunga duka akarudi shambani kwake Rangwe, nilihamia Migori, na DVD zikaja. Watu wakaanza kuleta kanda zao za zamani tuzihamishie kwenye sahani. Kanda za VHS za kwetu zinafika zikiwa zimelala darini chini ya mabati, au zikiwa na ukungu wa ziwani, nyingine na mayai ya mende. Nawakumbusha: usiingize kanda kwenye deki kabla hujaifungua na kuitazama. Izungushe kwa mkono. Ifute kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo, dirisha likiwa wazi. Pamba ziacheni hospitalini, maana nyuzi zake zitabaki kwenye kichwa cha deki, na deki nzuri hazitengenezwi tena.

Kuhusu kuachana kwa sauti, magonjwa ni machache ingawa wateja huyaeleza kwa namna elfu. Kama sauti imechelewa kiasi kile kile toka mwanzo hadi mwisho, isogeze, umemaliza. Kama mwanzo ni sawa halafu inaachana pole pole, mara nyingi mtu aliirekodi sauti kwa hesabu ya CD, yaani idadi ya vipande vya sauti kwa kila sekunde, na DVD ina hesabu yake, wala hakuibadilisha. Na kama inaachana kwa kuruka, sawa, halafu ghafla si sawa, halafu mbaya zaidi, ujue kompyuta ilipoteza picha kadhaa wakati wa kuingiza kanda. Pengine kanda ilikuwa imeliwa mahali, au pengine mmoja wenu alikuwa anacheza gemu kwenye kompyuta hiyo hiyo. Sitaji jina. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kanda unaonekana mwishoni. Ndiyo maana niliwakataza kumpa mteja DVD kabla ya kutazama dakika za mwisho. Mwanzo humdanganya kila mtu.

Sasa niwaambie habari ya Awino, maana mlikuwa hamjaajiriwa, na mmekuwa mkiniuliza kwa nini nilikataa kutupa ile meza iliyochubuka.

Awino alitoka Muhuru Bay, mama mtu mzima, fundi wa nguo. Aliingia studioni, akaweka mfuko mezani, akaongea kwa sauti kubwa iliyonyooka, bila kupanda wala kushuka, mpaka wateja wakageuka. "Mimi sisikii," akasema. "Ukiongea niangalie. Ama uandike." Alipoteza kusikia akiwa shule ya msingi, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Kijaluo alikuwa ameshakijua, na Kiswahili kidogo, na hivyo alibaki navyo kinywani.

Ndani ya mfuko kulikuwa na kanda moja na DVD moja. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alikuja nyumbani Krismasi moja na kamera ya kuazima, akamrekodi baba yao akiwa amekaa barazani akisimulia hadithi zake. Baba alikuwa mvuvi, na sasa ni marehemu. Kwa miaka mingi Awino na mama yake walikuwa wakiitazama kanda hiyo pamoja. Kisha mama akapofuka kwa presha ya macho, lakini hawakuacha. Mama alisikiliza, Awino alitazama, na wote wawili walicheka. Deki yao ilipokufa, wakampa mtu mmoja wa huko awawekee kwenye DVD.

"Sauti iko na shida," Awino akaniambia.

Nikamwangalia. Nikachukua kalamu nikaandika: umejuaje?

Hakukasirika. "Nilijua kwa mama," akasema. "Zamani baba akisema neno, tunacheka mara moja. Sasa mimi nacheka, nikimaliza ndio mama anaanza. Tunacheka kwa zamu. Mwanzo si mbaya, lakini ikifika mbele, mama anacheka wakati baba anakunywa chai." Akaongeza, "Mama amekataa kukaa na mimi. Nikiweka, anaenda jikoni. Anasema ni kama kila mmoja amefiwa peke yake."

Niliwahi kuletewa kanda za wakubwa na za kesi mahakamani, na hakuna iliyonitia hofu kama hiyo. Mtu anapokuja kwa sababu ya urembo, ukishindwa atanung'unika na kwenda kwa mwingine. Huyu alikuwa anataka mama yake arudi kwenye kiti.

Niliisafisha kanda yao polepole. Ukungu ulikuwa umeila mahali pengi. Nilipoiingiza upya picha ilitoka nzuri kuliko ile DVD, lakini palipoliwa pakabaki pameliwa. Kila kwenye shimo picha iliruka, na sauti, ambayo njia yake iko ukingoni mwa kanda, ikaendelea kama kawaida. Kwa hiyo kila shimo liliiacha sauti nyuma kidogo zaidi. Ilibidi niikate vipande, na kila kipande nikiweke mahali pake. Nikatafuta kitu kinachogonga kitu. Hakuna. Mzee amekaa kwenye kigoda, kamera imemkaribia usoni, mikono haionekani. Kikombe cha chai anakiweka chini nje ya picha. Njia ya pili ni kufuata midomo inapofunga, kwenye ba na ma na pa, lakini mzee alikuwa na masharubu ambayo yalifunika kinywa chote, na picha ni ya kamera ya kuazima. Nilijaribu kwa kubahatisha. Nikatazama kipande nilichotengeneza, na yule mzee wa watu alikuwa bado anaonekana muongo.

Nikamtumia Awino ujumbe kwamba nimekwama. Nilitarajia aseme basi. Akaja mwenyewe, akavuta kiti karibu na skrini.

"Masharubu yanafunika," nikamwambia nikimwangalia.

"Mimi sisomi masharubu," akasema. "Nasoma baba. Aliniongelesha pole pole tangu nipoteze masikio, kila jioni, mpaka nikamjua hata kwa mashavu. Watu wengine nawasoma nusu nusu. Yeye namsoma yote."

Tukafanya hivi. Mimi nilivaa hedifoni nikasikiliza kipande kimoja, nikachagua neno moja, nikamwandikia. Kisha nikacheza picha bila sauti, na baba yake alipofika kwenye neno hilo, Awino akagonga meza. Alikuwa na kastabini ya kushonea kidoleni, hakuwa amekumbuka kuivua, na ikagonga kwa mlio safi. Nikaweka alama. Tukarudia kila neno mpaka alama zikakubaliana, kisha tukaenda kipande kingine. Okoth alinifundisha nitafute kitu kinachogonga kitu. Hakuniambia kwamba kisipokuwepo, unaweza kumwomba mtu agonge. Mnajua sasa meza ilichubukaje.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya uchumba. Mzee anaeleza alivyokwenda kujitambulisha kwa kina mama Awino, huko Rangwe, akiwa hana viatu vya maana. Akamwendea fundi viatu wa sokoni, rafiki yake, naye akamwazima viatu vya mteja vilivyokuwa vimeletwa kushonwa. Akaingia bomani akitembea kama karani wa chifu. Akala kuku, akajibu maswali, akakunja mguu ili kiatu kionekane. "Hakuna aliyejua," mzee anasema, akiinua kidevu kwa majivuno. "Mpaka leo hakuna aliyejua."

Halafu ananyamaza. Anageuza macho pembeni, mabega yanamtikisika.

"Hapa hakuna neno la kugonga," Awino akasema. "Hapa hasemi kitu. Sijawahi kujua anaangalia nini. Hata wakati kanda ilikuwa nzima, mama alicheka sana hapa na mimi nilimwangalia tu. Nilidhani anakumbuka mambo yao."

Mimi nilikuwa na hedifoni masikioni na nilikuwa nimeshasikia. Pembeni ya kamera kulikuwa na mama yake, akiongea. Miaka yote hiyo Awino alikuwa amekaa kando ya mama yake akitazama kanda yenye sauti ya mama ndani yake, na hakujua, kwa kuwa mama hakuonekana kwenye picha. Na mama, kwa kuwa aliisikia sauti yake wazi, hakufikiria kwamba kuna wa kuambiwa.

Ningeweza kumwambia palepale. Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Niliona hayo maneno ni ya mama yake kumwambia, si yangu. Nikamwambia tu, "Ngoja ikamilike."

DVD, kwa wale mliozaliwa kwenye simu, inakubali maandishi chini ya picha. Nikaandika maneno ya mama kwa Kijaluo, meupe, makubwa, nikayafanya yatokee sambamba na sauti yake. Nikayakagua kama mtu anayekagua mchele wa wageni. Nikaichoma sahani kwa mwendo wa taratibu, bila kugusa kitu kingine kwenye kompyuta, na stima ikanihurumia isikatike.

Nikamwomba Awino aje na mama yake. Walipitia kwangu wakitoka kliniki ya macho, mama kashika kiwiko cha binti. Alikuwa mwembamba, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa vizuri, na mdomo usio na subira.

"Mimi nimekuja kwa sababu ya kiti," akaniambia. "Miguu inauma. Hiyo maneno ya DVD mwambie huyu aangalie."

"Kaa tu, Mama," nikasema. "Kiti ni cha bure."

Nikawaweka mbele ya skrini, bega kwa bega. Mzee akaanza. Aliposimulia fundi viatu alivyomwapisha asikanyage matope, Awino akacheka, na mama akacheka, na vicheko vikatoka pamoja. Mama akakata kicheko katikati, akainua kichwa. Akasogeza kiti chake mbele kidogo.

Mzee akafika kwenye majivuno yake. Hakuna aliyejua, mpaka leo. Akanyamaza, akageuza macho. Na sauti ya mama, changa kuliko ya yule aliyekaa mbele yangu, ikatoka pembeni huku maandishi yakitokea chini:

"Baba Awino, hivyo viatu vilikuwa vya ndugu yangu. Mimi ndiye niliyevipeleka kwa fundi. Na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yako, miguu mitupu."

Walicheka kwa wakati mmoja. Awino alicheka kwa ile sauti yake isiyojisikia, kubwa, akajikunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikiwa nimeshika rimoti, na nilikuwa nalia bila aibu. Nimeshukuru kwa mengi katika kazi hii. Nimemshukuru Okoth kwa ule ukuta alionikalisha kuutazama, nimewashukuru ninyi pamoja na magemu yenu. Lakini kama ningeambiwa nibakize siku moja tu, ningebakiza hiyo.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Alinyoosha mkono, akatafuta uso wa binti yake, akaushika shavu likiwa bado linatikisika.

"Huyu amecheka," akasema. "Hapa hajawahi kucheka. Nani amemwambia?"

"Ni wewe, Mama," nikasema. "Nimeandika maneno yako chini."

Awino akamshika mkono ule ule uliokuwa shavuni. "Mama, ulijua viatu?"

Mama akamgeuzia uso, kama ilivyo desturi yao, akasema polepole ili asomwe. "Nilijua akiwa kwa geti."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, angeenda nyumbani," mama akasema. "Na wewe ningekutoa wapi?"

Wakakaa hivyo, wakishikana mikono, mzee akiendelea kuongea kwenye skrini bila wa kumsikiliza. Kisha mama akanyoosha kidole upande aliodhani niko.

"Wewe mama wa mashine. Rudisha hapo kwa viatu."

Nikarudisha. Akasema tena, nikarudisha tena. Kanuni yangu, mnaijua, ni kutazama mwisho wa kanda kabla mteja hajaondoka nayo. Siku hiyo hatukufika mwisho.